Kiti cha Mgonjwa

3 Februari

Mdogo wangu Bolti,

Nimekupigia mara nyingi wiki hii, na kila mara nimeishia kukupa habari za mvua. Unajua kwa nini. Baba analala chumba cha mbele, ukuta wenyewe ni mbao, na tangu augue masikio yake yamekuwa makali kuliko ya paka. Meseji nazo hazifai, simu yangu anashinda nayo akicheza karata. Kwa hiyo naandika. Bahasha hii nimemkabidhi karani wa vifurushi wa basi, ambaye huleta mashati yake hapa kwetu kupigwa pasi. Jibu lako lipitie kwake huyohuyo.

Habari yenyewe ni hii. Daktari bingwa amesema saratani ya ini la baba imeshaingia kwenye mshipa mkubwa wa damu. Haikatwi tena. Kuna vidonge, asubuhi na jioni, ambavyo havitaiondoa ila vinaweza kuipunguza mwendo. Nakuandikia kama alivyosema: atavimeza muda wote ambao ini litavistahimili. Kila mwezi watampima damu. Siku namba za ini zikiharibika, vidonge vinasimama, na baada ya hapo hawana kingine cha kumpa zaidi ya dawa ya maumivu.

Kwa hiyo kazi yetu ni moja: ini lisichoke. Shida ni kwamba vidonge vyenyewe vinamnyanyasa. Viganja na nyayo vinabambuka ngozi. Mtu aliyeandika mabango ya nusu ya maduka ya mji huu leo hawezi kushika kikombe, namshikia mimi. Anaharisha. Chakula anakitazama kama mgeni asiyemjua. Juzi alitema kidonge kwenye leso akidhani sikuona.

Jirani yetu, yule mwalimu mstaafu, mkewe aliugua hivihivi. Anasema huko uliko kuna mtabibu wa dawa za mitishamba za Kichina, si wale wa kuuza chupa barabarani, huyu alisomea hukohuko China. Mkewe alizinywa huku akimeza za hospitali, hamu ya kula ikarudi. Alifariki baadaye, lakini miezi ile ya mwisho alikuwa anakula. Baba ameisikia habari hiyo na sasa hana wimbo mwingine.

Nenda ukamwone, umweleze yote. Daktari wetu hatujamwambia na hatutamwambia. Siku ya kwanza alituonya kidole kikiwa juu kwamba mizizi na majani hataki kuyasikia. Alisema na mengine mengi siku hiyo, si ya kukuchosha.

Dada yako


14 Februari

Dada, shikamoo,

Nimefika kwa huyo mtabibu. Ni mwanamke, mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi. Yuko ghorofa ya tatu, juu ya duka la kutoa nakala. Lifti ya jengo lile inakwaruza, na mimi fundi wa lifti najua hadi roda ya kamba iliyolika, lakini sikwenda kwa hilo. Ukuta mzima wa chumba chake ni droo ndogo za mbao, kila moja na kishikizo cha shaba, kuanzia sakafuni hadi dari. Mezani ana mizani ya mkono na karatasi zilizokatwa mraba. Harufu ni ya udongo uliolowa na maganda ya chungwa. Kimoyomoyo nimeshambatiza Mama Droo.

Mbele yangu alikuwepo bwana mmoja aliyetaka dawa ya kuyeyusha uvimbe. Mama Droo akamwambia, "Hiyo sina. Ukimpata anayekwambia anayo, shika mfuko wako utoke nje." Yule bwana akaondoka amenuna. Mimi nikajua nimefika kwa mtu mkweli, na kazi yangu imekuwa ngumu.

Maana ana sheria mbili. Hampi dawa mgonjwa ambaye hajautazama ulimi wake na kumshika mapigo kwa vidole vyake mwenyewe. Na hampi dawa mtu wa saratani ambaye daktari wake wa hospitali hajui. Anasema dawa zake ni za kumsaidia mtu ale, alale, avumilie vidonge, basi. Za kuponya saratani hana.

Usiwe na wasiwasi, nimeyamaliza. Ameridhika, na dawa ndizo hizo kwenye kifurushi. Sikiliza namna ya kupika. Tumia chungu cha udongo au sufuria ya enameli, alumini usiguse. Kile kifuko kidogo cha magamba ya chaza kianze peke yake, kichemke kama nusu saa, ndipo umwage hivi vingine. Chuja. Rudia maji mara ya pili, kisha changanya yote. Anywe vuguvugu, mbali na vidonge, saa mbili kabla au baada.

Baba akikuuliza nimefanyaje, mwambie nimefanya kama mafundi wote, nimeingia kwa mlango wa nyuma.

Bolti


5 Machi

Mdogo wangu,

Amekula. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo kubwa. Siku za kwanza ilikuwa vita. Alilinusa bakuli akasema, "Hii ni vanishi. Nimeipaka kwenye milango miaka arobaini, leo mnanipaka tumbo." Akanywa huku ameziba pua. Wiki iliyofuata akaomba wali, akamaliza sahani, akamlaumu mjukuu wake kwamba chumvi imepungua. Kuhara kumepungua. Viganja bado vyekundu lakini havipasuki kama mwanzo. Jana alitoka hadi getini, akasimama akisoma bango la kinyozi wa ng'ambo ya barabara, akarudi akitukana herufi zake.

Vipimo vya Februari vilikuwa vizuri. Daktari alishangaa. Akaniuliza, "Anakula nini?" Nikasema uji. Akaandika uji.

Nakuuliza kitu kimoja. Mama Droo ameridhika vipi bila kumwona baba? Kama alikubali picha niambie, nitampiga nyingine ya ulimi, maana sasa una utando wa njano katikati ambao mwanzo haukuwepo. Na kama anataka kumwona mwenyewe, naweza kuomba ruhusa kazini nimlete. Basi ni safari ya siku nzima, lakini sasa anaweza kukaa.

Binti yangu anakusalimu. Yuko kwenye pilika za harusi, mezani hapashikiki kwa vitambaa. Mzee anataka kuongeza neno, namwachia mwandishi wake nafasi.

Dada yako

*Shikamoo mjomba, naandika mimi, maneno ni ya babu:* Bolti, ni mimi. Mwambie huyo mama dawa yake ni mbaya kuliko mapishi ya dada yako, na hilo si jambo dogo. Lakini aongeze. Nataka kile kidonge kinione bado nipo. Wewe ukipata nafasi njoo, usiwe kama bolti za baiskeli yangu, zinapotea siku ya safari. *(Hapa amecheka, akakohoa.)*


19 Machi

Dada, shikamoo,

Baba asisafiri. Barabara ni mbovu na Mama Droo hajasema anataka kumwona. Picha hazihitaji. Kila kitu anacho.

Kifurushi hiki ni tofauti kidogo na kile cha kwanza. Amesoma vipimo vya damu, akasema ini bado lina nguvu, linaweza kubeba dozi kubwa. Kwa hiyo ameongeza kiasi, na ameweka mizizi mingine, ile myeusi iliyokatwa mshazari, ya kusukuma damu. Magamba yanaanza kama kawaida.

Nina maswali mawili, nijibu ukipata nafasi. Mama alifariki kwa nini hasa? Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba tulihamishiwa kwa shangazi. Tumbo lake lilivimba? Na binti yako alipozaliwa, alichanjwa chanjo ya homa ya ini?

Kazini tuko kwenye jengo jipya, nashinda ndani ya shimo la lifti. Nachoka mapema siku hizi. Si kitu.

Bolti


8 Aprili

Bolti,

Baba amegeuka manjano. Ilianza machoni, nikadhani ni taa. Asubuhi nikamtoa nje, nikaona ni yeye. Mkojo kama chai ya rangi. Hiyo dawa mpya aliinywa kila siku kama alivyoagizwa, hata alipoanza kichefuchefu nilimbembeleza, nikimwambia Mama Droo anajua anachofanya.

Tumekwenda kupima. Namba zimeruka. Daktari aliangalia karatasi, akamwangalia baba, akasema vidonge visimame kuanzia leo. Baba akamuuliza, "Kwa muda?" Daktari akasema, "Tutaona." Njia nzima ya kurudi mzee hakutukana hata bango moja, na unamjua, huyo hata usingizini anabishana.

Halafu daktari akanivuta pembeni. "Mama, kuna kitu kingine anakunywa?" Nikasema hakuna. Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye karatasi zake.

Nakutumia nakala ya majibu. Mpelekee Mama Droo leo, si kesho. Muulize kama dawa yake inaweza kurudisha namba chini ili vidonge virudi. Mwambie hatuna kingine tunachotaka duniani.

Ulichouliza kuhusu mama: ndiyo, tumbo lilivimba, na macho yalikuwa na rangi kama hii. Watu walisema amerogwa. Chanjo sikumbuki. Lakini kwa nini unaniuliza mambo ya mama wakati huu? Mimi niko na ndoo na mataulo, wewe unafukua makaburi.

Dada yako


15 Aprili

Kwa binti wa mgonjwa,

Hatujaonana. Mimi ndiye mtabibu ambaye dawa zake umekuwa ukizipika. Anwani yako nimeipata kwenye kifurushi ambacho kaka yako alikiacha mezani kwangu jana. Alipotoka hakukumbuka hata kofia yake.

Simamisha dawa yangu leo. Usipunguze, simamisha.

Jana kaka yako aliniletea majibu ya mzee wa miaka sabini na mbili. Nilimwuliza ni ya nani. Ndipo akasema ukweli. Tangu Februari amekuwa akikaa kwenye kiti changu kama mgonjwa. Alinipa ulimi wake, mkono wake, akanieleza dalili za baba yenu kana kwamba ni zake: vidonge, viganja, kuhara. Aliniambia daktari wake anajua kila kitu na amekubali. Mimi nikachanganya dawa kwa ajili ya mwili niliokuwa naushika, mwili wa mwanamume wa miaka thelathini na tisa anayefanya kazi za mikono. Mwezi wa Machi nilidai vipimo vipya vya damu. Akapima vyake. Ini lake lina nguvu, nikaongeza dozi kwa sababu hiyo. Dozi hiyo ndiyo aliyoinywa mzee.

Sisemi dawa yangu ndiyo iliyomgeuza manjano. Ugonjwa wenyewe unaweza, vidonge vya hospitali vinaweza, na vyote vitatu vikiwa pamoja hakuna atakayekuambia kwa hakika ni kipi. Akikuambia anajua, usimwamini, hata kama ni mimi. Lakini ningemwona mzee huyo, ile mizizi myeusi nisingeipa nafasi.

Kosa langu ni hili: mikono ya kaka yako haikuwa imebambuka. Niliona. Nikadhani nafuu imekuja mapema.

Chukua vifuko vyote vilivyobaki, pamoja na makapi kama hujayatupa, umpelekee daktari. Majina ya kila kilichomo nimeyaandika kwenye karatasi ya pili kwa namna hospitali itakavyoyaelewa, na namba yangu ya simu iko chini. Anipige saa yoyote.

Kuna jambo moja zaidi lililoonekana kwenye damu ya kaka yako. Si langu kulisema. Mwambie aliseme mwenyewe.

Mtabibu


18 Aprili

Bolti,

Ulikaa kwenye kiti cha baba.

Nimeisoma barua ya yule mama mara nyingi nikitafuta mahali ambapo nimeelewa vibaya. Sikupata. Mimi nachemsha magamba, nachuja kwa kitambaa safi, nakaa na saa mkononi ili nisimpe karibu na vidonge, kumbe dawa yenyewe ni ya kwako. Ungeniambia sheria zake zimetushinda ningembeba baba mgongoni hadi huko.

Nimekwenda hospitali na mfuko. Nilijiandaa kutukanwa. Daktari hakunitukana. Alimwaga vifuko mezani, akavipanga, akasoma karatasi, akampigia yule mama hapohapo mbele yangu. Waliongea kama watu wa ofisi moja, hiki gramu ngapi, hiki tangu lini. Alipokata simu akaniambia, "Ungeniambia Februari, ningekataa nusu na kukubali nusu. Nusu hiyo ingemfaa." Kisha akaongeza, "Na mimi nilinyoosha kidole. Najua." Vidonge havirudi sasa. Labda ini likitulia. Hilo "labda" alilisema kwa adabu tu.

Nimemwambia baba. Sikutaka afe akidhani mwili wake ndio uliomsaliti peke yake. Alisikiliza macho yamefumbwa, nikadhani amelala. Mara nikaona tumbo linatikisika. Anacheka. "Kumbe lile ini lenye nguvu lililosifiwa ni la Bolti," akasema. "Na mimi nikajiona kijana." Alicheka hadi akashika ubavu. Baadaye akasema nikuandikie hivi: usiache kwenda kwa yule mama, ila safari hii ukiulizwa, jibu yako.

Mimi sijacheka. Niambie damu yako ina nini.

Dada yako


26 Aprili

Dada, shikamoo,

Ina virusi vya homa ya ini, aina B. Nimekuwa navyo tangu kuzaliwa, wanavyodhani. Vilikaa kimya. Hospitali ya hapa wamepima tena, ini limeanza kupata makovu madogo. Nimepewa kidonge kimoja kwa siku, huenda maisha yote, na kila miezi sita picha ya tumbo. Wanasema mtu akifuata hivyo anaweza kufika mbali. Wanasema pia kwamba saratani kama ya baba mara nyingi huanzia hapo, na kwamba mama pengine alikwenda kwa njia hiyohiyo, na kwamba mama huweza kumpa mtoto siku ya kuzaliwa bila kujua.

Nilijua tangu katikati ya Machi. Sikukuambia kwa sababu nyumba moja haiwezi kubeba maini mawili kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilidhani nitasubiri la baba liishe.

Kuhusu kiti sina la kujitetea. Nilipanda ngazi zile nikiwa na maneno yote ya kweli mdomoni. Mama Droo akasema sheria zake, akanyanyuka kumhudumia mwingine. Kiti kilikuwa wazi. Nikaona nikirudi mikono mitupu, utaniambia si kitu, na hiyo "si kitu" yako naijua. Mimi ndiye niliyekuwa mbali mambo yote yakitokea. Nikakaa. Akaniambia toa ulimi, nikautoa.

Sasa nakuomba. Wewe ulizaliwa na mama huyohuyo. Nenda kapime, na binti apime kabla ya harusi, kuna chanjo kwa mchumba wake kama hana. Ninachoshangaa ni huyo daktari wenu. Mama Droo anasema hilo ndilo neno la kwanza ambalo daktari wa ini huwaambia ndugu wa mgonjwa: watoto wote wapimwe. Inakuwaje hakuwaambia?

Bolti


19 Mei

Mdogo wangu,

Tumbo limejaa maji. Wameyatoa mara mbili kwa mrija, yanarudi. Miguu imevimba hadi inang'aa. Anachanganya siku, kuna asubuhi ananiita kwa jina la mama na kuniagiza petroli ya kuoshea brashi. Kisha saa moja baadaye yuko timamu kabisa, anauliza kama umekula.

Anaitaka ile vanishi. Daktari na yule mama wamekubaliana kwamba hata ile nyepesi ya mwanzo haimfai tena. Kumwambia hivyo sikuweza. Nikachemsha majani ya chai hadi yakaungua, nikatia tangawizi na chumvi kidogo, nikamletea kwenye bakuli lilelile. Akaonja. Akanitazama. "Hii si yenyewe," akasema. "Hii ni chai iliyofiwa." Akainywa yote. Sasa kila jioni namletea, na kila jioni anasema neno hilo, na anakunywa.

Vidonge hatuvitaji. Pakiti iliyobaki ipo juu ya kabati. Namwona akiiangalia.

Suala la kupima nitalishughulikia nikipata nafasi. Usinisukume.

Njoo. Usisubiri likizo, njoo sasa.

Dada yako


23 Juni

Dada, shikamoo,

Nimefika salama. Kazini wamenipa pole, wamenirudisha kwenye shimo langu.

Nashukuru kwamba nilimkuta baba bado anaongea. Usiku ule wa mwisho aliniambia nimshike mapigo. Nikamshika kama Mama Droo anavyofanya, vidole vitatu. Akauliza, "Yanasemaje?" Nikasema sijui kusoma. Akasema, "Afadhali." Hayo sikukusimulia pale msibani, palikuwa na watu.

Jambo lingine ambalo sikulisema pale. Niliona kikombe changu. Siku zote nne mlikuwa mnakileta peke yake, kile cha bati chenye mstari wa buluu, na kuoshwa kilioshwa nje. Hakuna mwingine aliyekinywea. Binti yako alitaka kukichukua, ukampokonya ukisema ni cha mjomba. Sikasiriki. Nakuambia tu alivyonieleza daktari wangu: haviambukizwi kwa kikombe, wala sahani, wala kukumbatiana. Wewe hukunikumbatia, dada. Nilidhani ni msiba, kisha nikaona unawakumbatia wengine.

Umejua kuogopa kikombe changu, kwa hiyo unajua kuna cha kuogopa. Basi mbona hujapima? Nimekuuliza Aprili, ukanyamaza. Mei ukasema nisikusukume. Sasa baba hayupo, na sababu imekwisha. Harusi ni Agosti.

Bolti


21 Julai

Mdogo wangu,

Uliuliza inakuwaje daktari hakutuambia. Alituambia. Aliniambia mimi, Januari, siku ileile ya kwanza, baba akiwa ametoka kwenda msalani. Alisema ini la baba limeharibiwa na virusi, na kwamba watoto wake na wajukuu wake wapimwe wote. Alilirudia. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikamwomba asiliseme mbele ya mzee.

Sikukuambia, na nyumbani sikumwambia mtu. Nilikuwa nimetoka kupokea wazazi wa mchumba wa binti yangu wiki ile. Niliona neno hilo likitoka kinywani mwangu linaingia moja kwa moja kwenye nyumba ya watu wengine. Nikajiambia baba ni mzee, mambo ya wazee hayatuhusu. Ulipoandika Machi ukiuliza habari za mama, nilielewa papo hapo. Ile hasira niliyokujibu nayo ilikuwa ya woga. Ulikuwa na miezi miwili ya kuanza dawa mapema, nami niliikalia. Umenilaumu kwa kikombe tu.

Nimepima. Ninavyo. Ini langu ni afadhali kuliko lako, wananifuatilia, kidonge bado. Daktari hakuuliza kwa nini nimechelewa, na ningependa angeuliza.

Kisha ikabidi nimwambie mwanangu. Nilimngoja atoke kazini. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkoba bado begani. Hakuuliza kuhusu ugonjwa. Aliuliza, "Mama, ulijua tangu lini?" Nikasema Januari. Akaingia ndani. Wiki nzima tulikuwa tunapishana kwenye korido kama wapangaji.

Jumanne alivaa viatu, akasimama mlangoni, akasema, "Twende basi."

Majibu tulipewa jana. Anavyo, na yeye. Amepewa na mimi, siku ile niliyodhani nimempa uhai tu. Daktari alimwelezea kwa utaratibu: ni mdogo, ini ni zima, akipimwa kila miezi sita hana sababu ya kufika alikofika babu yake. Hilo la mwisho alilisema mara mbili, na mara ya pili alikuwa ananitazama mimi. Mchumba ameambiwa na binti mwenyewe, kwa simu, palepale kwenye benchi la nje. Kijana alisema atapiga baadaye. Hadi naandika hajapiga.

Kushuka, ngazi za hospitali zilikuwa zimetoka kupigwa deki. Nilinyoosha mkono nimshike, akakataa. Akateremka vidato kadhaa peke yake, akasimama, akanipa mkoba wake nimbebee.

Dada yako